Paneli iliyofutika kuanzia matunduni: uchambuzi wa kisa cha pawasaplai ya mezani

Kifaa kinachochambuliwa hapa ni pawasaplai ya mezani iliyoundwa na wanafunzi wa ufundi kwa ajili ya karakana wanayoitumia kwa pamoja. Inatoa volti 0 hadi 30 na mkondo usiozidi ampea 3. Mbele yake kuna bamba la alumini lenye unene wa milimita 2, ambalo limebeba mita ya kidijitali, nobu mbili za volti, moja ya kurekebisha kwa hatua kubwa na nyingine kwa hatua ndogo, nobu mbili za mkondo zilizopangwa vivyo hivyo, swichi, taa mbili za LED na terminali tatu za kuunganishia waya. Saketi ya ndani ni nzuri na haijawahi kusumbua. Kilichoharibika ni maandishi.

Miezi michache baada ya kifaa kuanza kutumika, maneno yaliyotofautisha nobu ya hatua kubwa na ya hatua ndogo yalikuwa yamefifia kiasi kwamba mtu asiyekizoea alilazimika kubahatisha. Mwanafunzi mmoja alitaka kupandisha volti kidogo tu kutoka 5, akashika nobu ya hatua kubwa akidhani ni ile ndogo, na bodi aliyokuwa akiifanyia kazi ikapokea zaidi ya volti 12 kabla hajainua macho kutazama mita. Mikrokontrola, yaani chipu inayoiongoza bodi, ikaungua papo hapo. Ninaanza na tukio hili kwa sababu wapo mafundi wengi wanaoichukulia lebo ya mbele kama urembo wa kumalizia kazi, jambo ambalo unaweza kulifanya vizuri ukipata nafasi na kulipuuza ukikosa. Sikubaliani nao hata kidogo. Kifaa kikishatumiwa na watu ambao hawakukiunda, maandishi yake ni sehemu ya usalama wake, sawa na fyuzi.

Hoja ninayoitetea katika uchambuzi huu ni kwamba lebo ya paneli karibu haifi katikati. Hufa ukingoni, na ukingo ulio hatari kuliko yote ni ule wa matundu, kwa sababu hapo ndipo vidole, nati, joto na vimiminika vinapokutana. Anayechagua njia ya kuchapisha kwa kuangalia ubora wa wino peke yake huwa ameacha swali lililo kubwa zaidi bila jibu.

Lebo ya kwanza na jinsi ilivyotengenezwa

Lebo ya awali ilichapishwa kwa printa ya wino juu ya karatasi ya picha yenye mng'ao, ikapitishwa kwenye mashine ya laminesheni ndani ya kifuko cha plastiki, ikakatwa ikalingana na bamba, matundu yakatobolewa kwa kisu chenye ncha kali, kisha ikabandikwa kwa utepe wa gundi wa pande mbili. Njia hii inapendwa na wengi na sababu zake zinaeleweka. Vifaa vyake hupatikana katika ofisi ya kawaida, rangi hutoka vizuri, na siku ya kwanza paneli huonekana kana kwamba imetoka kiwandani. Kwa kifaa kinachokaa rafuni na kuguswa mara chache, pengine ingedumu miaka mingi. Lakini karakana hii husafisha meza na vifaa vyake kwa spiriti ili kuondoa mabaki ya flaksi, dawa inayosaidia risasi kushika wakati wa kulehemu, na mikono inayozungusha nobu mara nyingi huwa na jasho, mafuta au flaksi yenyewe.

Kilichoonekana baada ya kuibandua

Lebo ilipobanduliwa na kuwekwa chini ya taa yenye kioo cha kukuzia, jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba sehemu kubwa ya katikati ilikuwa nzima kabisa. Mistari ya mgawanyo kati ya sehemu ya volti na ya mkondo ilikuwa na weusi ule ule wa mwanzo. Uharibifu ulikuwa umejipanga kwa pete. Kila tundu lilizungukwa na mviringo wenye upana wa milimita 4 au 5 ambamo herufi zilikuwa zimeyeyuka na kusambaa, na ndani ya mviringo huo weusi haukuwa weusi tena, bali ulikuwa umeachana na kuwa tabaka za zambarau, buluu na manjano, kila rangi ikiwa imesafiri umbali wake.

Kuachana huko kwa rangi kunaeleza kisa karibu chote. Printa nyingi za wino, zikiambiwa kwamba karatasi ni ya picha, haziutumii wino mweusi wa chembechembe, kwa kuwa wino huo haushiki vizuri juu ya karatasi yenye mng'ao. Badala yake huchanganya rangi nyingine na kupata kitu kinachofanana na mweusi. Rangi hizo ni za kuyeyuka, hivyo zikifikiwa na maji au spiriti huyeyuka tena. Kimiminika nacho hakikupenya plastiki ya juu, kwani plastiki hiyo haikuwa na tatizo. Kiliingilia pale kisu kilipokata tundu na kuuacha ukingo wa karatasi wazi. Nyuzi za karatasi zilikinyonya taratibu, kila siku kidogo, na rangi zikasafiri nacho kuelekea ndani.

Jambo la pili lilionekana kwenye matundu ya potenshiometa, yaani vidhibiti vinavyozungushwa na nobu. Huko plastiki ilikuwa imejikunja kwa mikunjo iliyopinda, yote ikielekea upande ambao nati hukazwa. Nati inapokazwa juu ya lebo moja kwa moja, uso wake wa chini huisukuma plastiki kwa kuizungusha, na plastiki huvuta gundi iliyo chini yake. Haikatiki siku hiyo, bali hubaki imevutika, ikiacha chini yake njia ndogo zenye hewa ambazo baadaye huwa mifereji ya kupitishia spiriti.

La tatu lilikuwa joto. Kipozajoto cha transista ya kutolea umeme kilikuwa kimefungwa karibu sana na upande wa terminali, na bamba lilipata uvuguvugu kila kifaa kilipotumika kwa mkondo mkubwa. Gundi iliyo ndani ya vifuko vya laminesheni imetengenezwa ili ilegee kwa joto, kwani ndivyo mashine inavyoifanya ishike. Hakuna haja ya kufikia joto la mashine ili gundi hiyo ianze kulegea pale ambapo tayari inavutwa. Upande wa terminali ndiko plastiki ilikokuwa imeinuka zaidi, na ndiko uchafu wa kahawia ulikokuwa umejaa chini yake.

Ukiyaweka mambo hayo matatu pamoja, unaona kwamba hata wino bora zaidi usingeiokoa lebo hii. Wino usioyeyuka ungechelewesha kufutika kwa herufi, lakini plastiki ingeinuka, uchafu ungeingia na karatasi ingebadilika rangi vile vile.

Njia zilizopimwa kabla ya kuamua

Pendekezo la kwanza lilikuwa kurudia lebo ya karatasi na kuipulizia laka angavu. Nililipinga. Laka ya kopo ina viyeyushi ambavyo vinaweza kuifanya rangi isambae wakati wa kupuliza, tabaka lake ni jembamba na kucha hulikwangua, na bado ukingo wa tundu hukatwa baadaye na kubaki wazi.

Kuhamisha tona moja kwa moja kwenye alumini kwa pasi, kama wanavyofanya wanaotengeneza bodi za saketi nyumbani, ni kazi nzuri kwa kifaa kinachoguswa mara chache. Tona ni unga wa plastiki unaoyeyushwa na kugandishwa kwa joto, hivyo maji hayaidhuru. Hata hivyo hukaa juu ya uso ambapo kila kidole huisugua, na asetoni, kiyeyushi kikali, huifuta mara moja. Lebo zinazoteleza kwa maji, zile zinazoloweshwa na kutelezeshwa kutoka kwenye karatasi yake hadi kwenye kifaa, zina udhaifu wa aina hiyo hiyo, ingawa kwa boksi lenye mviringo sijui njia ya nyumbani iliyo rahisi kuliko hiyo.

Kuchonga herufi kwa mashine na kujaza rangi ndani ya michongo ndiyo njia inayodumu kuliko zote, kwa sababu hakuna tabaka la kubanduka. Ila inadai mashine ambayo karakana haikuwa nayo. Alumini iliyofanyiwa anodaizi, yaani iliyokuzwa tabaka gumu la oksaidi kwa umeme ndani ya asidi, nayo ni ya kuheshimiwa: rangi huingia kwenye vitundu vidogo vidogo vya tabaka la oksaidi, kisha vitundu hivyo hufungwa kwa maji yanayochemka, na maandishi yanakuwa ndani ya uso wenyewe. Lakini kufanya anodaizi kunahitaji asidi na uangalizi ambao sikuona busara kuuingiza kwenye karakana ya wanafunzi kwa sababu ya lebo moja.

Njia iliyonivutia sana ni kuagiza paneli kama bodi ya saketi isiyo na saketi. Bodi ya kawaida ya fibaglasi yenye unene wa milimita 1.6 ni ngumu, matundu yake hutobolewa na mtengenezaji kwa usahihi mkubwa, na herufi zake huchapishwa kwa wino wa epoksi ambao haujali spiriti. Wanaounda sinthesaiza za moduli, ala za muziki za kielektroniki zinazojengwa kwa vipande, wamekuwa wakitumia njia hii sana, na ningeipendekeza kwa kifaa chochote kipya cha volti ndogo. Kilichonizuia hapa ni kwamba bamba la alumini lilikuwa limeshatobolewa, na pia ndilo lililounganishwa na waya wa ardhi wa umeme mkuu. Sikutaka kuuvuruga ulinzi uliokuwa umeshakamilika.

Iliyochaguliwa ni njia ambayo viwanda vimeitumia miaka mingi kwa paneli za mashine: kuchapa maandishi kinyume, yaani kwa kugeuza kama yanavyoonekana kwenye kioo, juu ya mgongo wa shiti angavu ya plastiki, kisha kuibandika shiti hiyo upande wenye maandishi ukiwa umelala kwenye bamba. Msomaji huyaona maandishi kupitia plastiki, na kidole hakiigusi tona kamwe. Kilichokuwa tabaka la ulinzi lililobandikwa juu ya karatasi kinakuwa ndicho kilichochapishwa chenyewe, na karatasi inaondoka kabisa. Pamoja nayo inaondoka ile nyuzi inayonyonya.

Utengenezaji wa paneli ya pili

Shiti iliyotumika ni ya poliesta iliyotengenezwa mahsusi kwa printa za leza. Jambo hili halina mjadala, kwa sababu rola ya printa ya leza huyeyusha tona kwa joto linaloweza kukaribia nyuzi 200 za Selsiasi, na shiti ya plastiki isiyokusudiwa kazi hiyo itayeyuka ndani ya mashine na kuiharibu. Poliesta ilipendelewa kuliko polikaboneti kwa sababu asetoni hushambulia polikaboneti na kuijaza nyufa, na katika karakana asetoni haiko mbali.

Mchoro uliandaliwa kwa Inkscape, programu ya kompyuta ya kuchorea. Kabla ya kuigusa shiti, ulichapishwa kwenye karatasi ya kawaida pamoja na mistari miwili ya milimita 100, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, kisha mistari hiyo ikapimwa kwa rula ya chuma. Programu nyingi za kuchapishia hupunguza ukurasa kidogo ili uenee kwenye karatasi bila kumwambia mtu, na upungufu wa asilimia 3 kwenye paneli yenye upana wa milimita 200 ni milimita 6, kiasi cha kutosha kulitupa jina la swichi kwenye nobu ya jirani. Karatasi hiyo ya majaribio ikawekwa juu ya bamba na kuinuliwa kwenye mwanga, hadi kila tundu likaonekana katikati ya duara lake.

Katika mchoro wenyewe mambo mawili yalibadilishwa, na hayo ndiyo ninayoyaona kuwa kiini cha kazi yote. Kwanza, hakuna tona iliyoruhusiwa kukaribia ukingo wowote kwa chini ya milimita 2, iwe ukingo wa nje au wa tundu. Kimiminika kikifika ukingoni kitakutana na poliesta na gundi ya akriliki, vitu ambavyo havina cha kusambaza. Pili, wazo la wanafunzi la kuwa na paneli nyeusi yenye herufi nyeupe lilikataliwa, ingawa lingependeza. Tona inaposhika eneo lote la mgongo wa shiti, gundi haiigusi tena poliesta. Inaishika tona, na tona ndiyo inayoishika poliesta. Nguvu ya paneli nzima inakuwa nguvu ya unga ulioyeyushwa, na mtu akilivuta pembe, shiti hutoka ikiwa angavu na kuliacha giza lote kwenye bamba. Herufi nyeusi juu ya uso mweupe huacha sehemu kubwa ya shiti ikiwa tupu ili gundi iishike moja kwa moja. Isitoshe, weusi wa tona kwenye eneo kubwa huwa na vitundu vidogo vinavyoonekana kwenye mwanga.

Herufi kubwa zilipewa kimo cha milimita 3, na jina la kila nobu likawekwa juu yake badala ya chini, ili mkono unaoizungusha usilifunike. Nobu za hatua ndogo zilichorewa duara jembamba na zile za hatua kubwa duara nene, hivyo hata mtu asiyesoma neno ataona tofauti.

Printa ya leza ya kawaida haina tona nyeupe, na shiti angavu ikibandikwa kwenye alumini tupu huonyesha kila mkwaruzo. Kwa hiyo bamba lilisuguliwa kwa msasa wa namba 400, likafutwa kwa spiriti isiyo na mafuta, likapuliziwa rangi nyeupe isiyong'aa, kisha likaachwa likauke kabisa. Uvumilivu huo una sababu yake: rangi ambayo bado inatoa mvuke wa viyeyushi itaunda mapovu chini ya shiti, na povu lililoingia kwa njia hiyo halitolewi kwa kubonyeza. Nyuma ya bamba, mahali waya wa ardhi unapofungwa, rangi haikuruhusiwa kabisa. Alumini ilikwanguliwa ikabaki safi, washa yenye meno ikawekwa chini ya nati, na muunganiko ukapimwa kwa mita kabla ya kuendelea. Kupaka rangi bamba lenye kazi ya ardhi bila kufanya hivyo ni kuondoa ulinzi wa mtumiaji kwa ajili ya weupe.

Kwa kubandika ilitumika gundi ya akriliki ya kuhamishwa, ile inayokuja kama utando mwembamba usio na plastiki katikati, yenye unene wa milimita 0.05. Ubandikaji ulianza ukingo mmoja na kusonga mbele kwa kusukuma kwa kipande cha plastiki kilichofunikwa kitambaa, huku karatasi ya nyuma ikivutwa kidogo kidogo. Gundi ya aina hii haifikii nguvu yake mara moja. Huendelea kuushika uso kwa muda wa saa 72 katika joto la kawaida la chumba, kwa hiyo matundu hayakukatwa wala nati kufungwa kabla ya muda huo kupita.

Shiti ilikatwa ikaishia milimita 1 ndani ya ukingo wa bamba, na pembe zake zikaviringwa, kwani pembe kali ndiyo inayonaswa kwanza na kitambaa cha kufutia. Kwenye matundu, ukingo wa shiti uliishia chini ya washa ya nailoni. Washa hiyo hubaki imetulia nati inapozunguka juu yake, na msukumo ulioikunja lebo ya kwanza haufiki kwenye shiti. Kwa potenshiometa nne ilifanyika hatua zaidi: zilihamishiwa kwenye bamba dogo la ndani, na mbele zikapita fimbo zake tu. Hapo hakuna nati yoyote inayoigusa lebo. Kama kifaa kingekuwa kinaundwa upya, ningeanza na mpangilio huo tangu siku ya kwanza ya kutoboa. Terminali hazikuweza kuhamishwa, hivyo zilishikwa kwa mbele zisizunguke na kukazwa kwa nyuma. Kipozajoto nacho kilisogezwa kuelekea ukuta wa nyuma wa boksi.

Majaribio

Viwango vya usalama vya kimataifa vina jaribio rahisi la kudumu kwa maandishi. Kiwango cha IEC 60335 (IEC ni tume ya kimataifa ya viwango vya umeme) cha vifaa vya nyumbani hutaka maandishi yasuguliwe kwa mkono kwa sekunde 15 kwa kitambaa chenye maji, kisha sekunde 15 nyingine kwa kitambaa chenye spiriti ya petroli. Kiwango cha IEC 61010 cha vifaa vya vipimo na maabara hutaka sekunde 30 kwa kitambaa kilicholoweshwa kisafishi kilichotajwa na mtengenezaji, au kwa alkoholi ya isopropili kama hakuna kilichotajwa. Baada ya hapo maandishi yawe yanasomeka vizuri na lebo isiwe imelegea wala kujikunja pembeni. Hili ni jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya mezani kwake, na sioni sababu ya kulikwepa.

Lilifanywa kwa alkoholi ya isopropili kwenye vipande viwili vya mabaki ya alumini, kimoja chenye lebo ya aina ya kwanza na kingine cha aina ya pili. Kila kipande kilitobolewa tundu na kufungiwa nati, kwa sababu kusugua katikati ya lebo isiyo na tundu kungezipitisha zote mbili na kusingefundisha chochote. Lebo ya karatasi ilistahimili kusuguliwa juu, lakini kitambaa kilipoachwa kimelala kando ya nati, rangi ya zambarau ilianza kujitokeza kwenye ukingo ndani ya dakika chache. Ya poliesta haikubadilika popote. Kisha tone la asetoni liliwekwa makusudi kwenye ukingo wake wa tundu: gundi ililainika kidogo pembeni kabisa, na herufi, zikiwa mbali na ukingo, hazikuguswa.

Paneli yenyewe sasa inatumika katika karakana ile ile na inasafishwa kwa spiriti ile ile. Dalili pekee ya matumizi ni mng'ao uliojitokeza kuzunguka nobu za mkondo, ambapo uso wa shiti uliokuwa na ukungu kidogo umesuguliwa na vidole ukawa laini. Rangi mbili zilizochapishwa kwenye lebo kutambulisha taa za LED, nyekundu na kijani, ndizo ninazozitilia shaka kwa miaka ijayo, maana tona nyeusi hupata rangi yake kwenye kaboni ambayo mwanga hauifanyi kitu, ilhali rangi nyingine hupauka kwenye jua. Kwa sababu hiyo neno linaloeleza kila taa liliandikwa kwa nyeusi kando yake, na rangi ikabaki nyongeza. Kwa kifaa cha kukaa nje juani nisingetumia njia hii. Ningetafuta mwenye mashine ya kuchongea.